Nahodha Wawili Sebuleni kwa Refa

Mchumba wangu wa kwanza kuletwa nyumbani hakumaliza hata chai. Baba alimuuliza swali kuhusu tamthilia iliyokuwa ikionyeshwa, naye akajibu huku akicheka, "Si filamu tu hii, mzee." Baba akamwonyesha kadi nyekundu, kadi ya kweli kabisa, na mpaka leo sijui yule kijana alioa wapi.

Kwa hiyo jioni niliyomleta mchumba wa pili, fundi makochi, niliingia naye kwa hofu. Huyu nilimtaka. Nilimtaka hadi kule kwenye duka la dawa ninakofanya kazi nikawa nawachekea hata wateja wanaobishana na maandishi ya daktari. Lakini Baba yangu hazungushwi. Alikuwa refa wa mpira mpaka magoti yalipogoma, na alipostaafu akahamishia ukali wake wote kwenye televisheni. Tamthilia yenyewe inahusu chombo kinachosafiri angani, nyota hadi nyota, chini ya nahodha mmoja mwenye kovu shavuni. Baba anampenda nahodha huyo kuliko timu yoyote, maana refa haruhusiwi kuwa na timu.

Nyumbani kwetu kuna sheria. Matangazo yakianza, Baba anaondoa sauti na kumuuliza kila mtu: "Ungekuwa wewe, ungefanyaje?" Unajibu, unatoa sababu, na sababu hiyo itoke ndani ya hadithi. Ukisema "inategemea," kadi ya njano. Ukipata mbili unahamia jikoni, unasikilizia kwa mbali. Mama yangu ni mshonaji na hana subira, yeye hupata ya kwanza kabla hata ya matangazo.

Fundi akaketi kwenye kochi letu. Niliuona uso wake ulivyobadilika springi zilipomchoma, lakini akameza maneno. Angalau hapo nikapumua.

Jioni ile mashine ya chomboni iliharibika. Kwa asiyeijua, ni kibanda cha kioo: mtu anaingia kwenye kibanda kilichoko sayarini, anatokea kwenye cha chomboni. Nahodha akatoka kibandani salama. Mlango ukajifunga, ukafunguka, nahodha akatoka tena. Wakasimama wawili, kovu lilelile, wote wakimkumbuka mke yuleyule aliyebaki nyumbani. Na hewa ya chomboni inawatosha wote, kasoro mtu mmoja.

Matangazo.

"Nani anatolewa nje?" Baba akauliza.

"Wa pili," Mama akasema, sindano mkononi. "Aliyewahi kawahi."

Mimi nikasema wapumue kwa zamu, nikapewa njano. Baba akatoa hukumu yake: anayebaki ni nahodha halisi, nakala itoke. Kisha akamgeukia mgeni.

"Samahani, mzee," fundi akaanza. "Msimu wa kwanza yule mhandisi alisema mashine haimsafirishi mtu. Inamvunja huku, inaunda mwingine kule, kwa vipimo vilevile."

"Alisema." Baba alifurahi, akasogea mbele.

"Basi hapo hakuna nahodha halisi. Wote wawili ni nakala. Mwenyewe alikufa siku ile alipoingia kibandani mara ya kwanza."

Nilimkanyaga mguu, lakini nilishachelewa. Picha ya nahodha imebandikwa kwenye friji yetu, kando ya picha yangu ya mahafali, na ya kwake ndiyo kubwa.

"Unaniambia," Baba akasema polepole, "miaka yote hii nimekuwa nikishangilia maiti."

"Si maiti, mzee. Mtu mwingine."

"Na mkewe je? Yule anayemsubiri?"

"Hapo kwa kweli sijui anamsubiri nani."

Mkono wa Baba ukaingia kwenye mfuko wa shati, zilimo kadi. Nilimkasirikia fundi wangu kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Angeshindwa nini kusema nakala itoke, tukanywa chai, tukaoana?

"Ajabu iko wapi?" Mama akasema bila kuinua macho kwenye kifungo alichokuwa akishona. "Hata mwanamume niliyeolewa naye mimi hayupo."

Baba akageuka.

"Niliolewa na kijana mwembamba, ana nywele, anakimbia uwanja mzima bila kuhema. Hakuniaga. Alikuwa akiondoka kidogo kidogo, na huyu anaingia kidogo kidogo. Nakuja kushtuka, nimeshamzoea."

"Kwa hiyo mimi ni nakala."

"Nakala yenye kitambi. Lakini sijakutoa nje."

Fundi akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Baba akamkazia macho, mkono bado uko mfukoni.

"Wewe. Huyu binti yangu naye hatabaki hivi. Siku moja utaamka, hapo ubavuni pako kuna mtu mwingine kabisa. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

Hapo hatukuwa tena kwenye tamthilia, na kila mmoja alilijua hilo. Fundi aliniangalia kama anayenipima upya.

"Nitaanza mwanzo, mzee. Nitajitambulisha, nimtongoze. Huyu wa leo alinikubali, huenda na huyo nikabahatika."

Mkono wa Baba ukatoka mfukoni, mtupu.

"Waambie wazee wako waje," akasema. "Wasije saa ya kipindi."

Furaha ilinijaa. Nikakamata birika, nikammiminia fundi chai juu ya chai aliyokuwa nayo, ikafurika kwenye kisahani, naye akainywa hivyo hivyo.

Mama akaweka sindano chini. "Refa, umemsikia mwenzako? Mimi huyu wa sasa, umeshanitongoza?"

Kipindi kilikuwa kimerudi, nahodha wawili wanabishana bila sauti. Baba alikuwa akimtazama Mama: miwani, mvi, vipande vya uzi begani.

"Bado," akasema. Akajiweka sawa kwenye kiti. "Samahani, mama. Umeolewa?"

"Nimeolewa. Na refa mmoja mkali sana."

"Anakutunza?"

"Ananitunza. Ila kunitazama, hajanitazama siku nyingi."

Baba akanyanyuka na magoti yake mabovu, akaizima televisheni, akavuta kiti hadi mbele ya Mama. Nahodha yupi alitolewa nje, niliambiwa na wateja kesho yake kazini.