Kwale wa Korongoni

Mwanaheri na Yudith walipotea Jumatatu asubuhi, na hakuna aliyewatafuta hadi Alhamisi, kwa sababu kijiji kizima cha Malindi, huko Lushoto, kilijua walipo. Walikuwa wamekwenda kumwona Janeth, binti yake Yudith, aliyejifungua ng'ambo ya msitu. Na mtu akienda kumwona mzazi harudi siku hiyo hiyo. Atakaa, atafua nepi, atakoroga uji, atamshika mtoto mpaka achoke. Simu za upande ule hupatikana kwa bahati. Kwa hiyo waume zao walikula viporo kwa amani, wakaamini wake zao wamefika.

Ipo barabara inayozunguka mlima, lakini Yudith alikuwa na miaka sitini na miwili na hakupenda kuzungushwa na mtu wala na barabara. Alisema wapite njia ya zamani, ile waliyoipita wakiwa wasichana. Mwanaheri alimfuata. Kwa miaka zaidi ya thelathini ya ujirani alikuwa amemfuata Yudith katika mambo mengi, mengine ya busara.

Ukungu ukawakuta katikati. Haukuja kwa vishindo. Kwanza miti ya mbele ilipungua, kisha ya pembeni, kisha sauti zao wenyewe zikawa kama zinatoka chumba cha pili. Yudith akakanyaga majani ambayo chini yake hapakuwa na ardhi, akateremka korongoni pamoja na kapu lenye unga, ndizi, sukari na simu. Kijito kililibeba kapu. Yudith alibaki, mguu umevunjika juu kidogo ya kifundo.

Mwanaheri alishuka kwa makalio, akamburuta rafiki yake hadi chini ya mwamba palipokuwa pakavu, akaufunga mguu kwa vijiti na upande mmoja wa kanga. Halafu akaenda kutafuta watu. Alitembea muda ambao hakuweza kuupima, maana katika ukungu ule saa nne na saa tisa zilikuwa na rangi moja. Mwishowe akasikia mwanamke akiimba wimbo wa kanisa. Moyo ukamruka, akakimbilia sauti, akamkuta Yudith pale pale chini ya mwamba.

"Umefika wapi, mama Issa?" Yudith aliuliza.

"Nimefika hapa," alisema Mwanaheri, akakaa chini.

Alijaribu tena Jumanne, na msitu ukamrudisha tena. Akaacha. Akipotea kweli, mwenzake atakufa peke yake, na hilo hakutaka hata kulifikiria.

Walikunywa maji ya kijito. Walitafuna matunda mekundu yaliyowatia ganzi ulimi, wakayatema. Kuona umbali wa hatua kumi kukawa anasa. Mara ukungu ulifunguka kidogo, mti mmoja mkubwa ukasimama mbele yao umevaa kuvu na maua meupe, wakautazama kama wageni wanavyotazama picha ukutani, kisha ukungu ukajifunga. Mwanaheri alianza kuzoea. Hilo ndilo lililomtisha: ilikuwa raha kukaa pale, mwili mwepesi, akili inaelea, hakuna wa kudai chai.

Jumatano asubuhi Yudith alianza kuzungumza na mama yake kwa Kishambaa. Mama yake alikuwa amekufa zamani. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, na kutetemeka kwake kulikuwa kumepungua, jambo ambalo Mwanaheri, aliyewahi kuuguza, hakulipenda hata kidogo: mwili unaoacha kutetemeka umeacha kupigana na baridi. Mwili ule ulihitaji kitu cha moto ndani yake, na uhitaji wenyewe ulikuwa wa leo.

Ndipo alipomkumbuka baba yake.

Mzee Mbaraka alitega ndege na wanyama wadogo enzi ambazo msitu haujawa hifadhi. Alikaa miaka mingi bila mtoto wa kiume, akachoka kusubiri, akamfundisha binti. Mtego wake ulikuwa wa mguu, kamwe si wa shingo, kwa sababu wa shingo huua, na mnyama aliyejifia ni mzoga, haliwi nyumbani kwao. Kitanzi hulazwa chini kabisa, vidole viwili kutoka ardhini, katika uwazi mdogo wa ua wa vijiti. Ndege akipita kufuata chambo, mguu unaingia, kijiti kinafyatuka, mche uliopindwa unanyanyuka na kumshika akiwa hai. Baada ya hapo ni kisu na jina la Mungu. Sharti lilikuwa moja tu: mtegaji wa mguu halali usingizi. Hujificha karibu, maana ndege aliyeachwa atapapatika hadi afe.

Mwanaheri alifungua kamba ya katani iliyofungia furushi lake la nguo za mtoto, akaitenganisha nyuzi, akazisokota upya juu ya paja. Vidole vilikumbuka kuliko kichwa. Akapata mche wenye nguvu, akavunja gogo bovu akatoa mchwa wa chambo, akategesha mahali alipoona majani yamekwaruliwa na kwale. Kisha akajibanza kwenye majani marefu ya kangaga, mkononi kisu kidogo kutoka furushini, akangoja.

Baba yake akaja. Alikuwa na koti lake la kahawia, na alitembea bila kuyatikisa majani. Aliinama akautazama mtego, akausogeza uzi kidogo, akaridhika. "Usilale, mwanangu," alisema. "Silali, baba," alijibu Mwanaheri, na alifurahi mno kumjibu, kwa kuwa ilikuwa miaka kumi na tisa hajamwita mtu baba. Walikaa pamoja muda mrefu. Alimweleza habari za Issa, za karoti, za bei za Lushoto, za goti lake. Mzee alisikiliza yote.

Alipofumbua macho, mche ulikuwa umesimama wima.

Kwale alining'inia, hatikisiki. Katani iliyolowa ilikuwa imejikunja juu, kitanzi kikanyanyuka, na ndege alipoinama kudonoa akaingiza shingo. Alikuwa bado na joto. Mwanaheri alimshika kwa mikono miwili, akamgusa jicho kwa ncha ya kidole. Halikupepesa. Akaligusa tena, akamsihi kwa sauti, "Pepesa basi, pepesa." Alilia pale kwa hasira ya kujikasirikia mwenyewe, mwanamke mtu mzima aliyeambiwa neno moja tu na baba yake akashindwa.

Sasa elewa shida yake. Yudith ni Mlutheri, mzee wa kanisa; kwa imani yake kwale yule hakuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa ukaidi wake. Nyumbani kwa Yudith jogoo wa Krismasi haguswi mpaka Kassimu, mume wa Mwanaheri, avuke ua na kisu chake, ili nyumba mbili zile chungu kimoja. Mwaka mmoja Kassimu alichelewa mjini, na Yudith alikaa na jogoo kwapani hadi alasiri, mchungaji na wageni wote wakimeza mate. Na jana tu, walipobishania yale matunda mabaya, alisema wazi: kisichoingia kinywani mwako, mama Issa, hakiingii kwangu. Akisikia ndege amejifia, atafunga mdomo, atakufa nao umefungwa.

Mwanaheri alikumbuka alichofundishwa chuoni akiwa mtoto: aliyebanwa na njaa, asiye na tamaa, asiyepita kiasi, hana dhambi. Lakini je, yeye alikuwa amebanwa? Alikuwa akitembea. Alikuwa amepata nguvu ya kusokota kamba na ya kulala. Na usingizi ndio uliomuua ndege. Hapakuwa na wa kumuuliza.

Akaugeuzia mwamba mgongo, akataja jina la Mungu, akamkata shingo ndege aliyekwisha kufa. Damu ilitoka nzito, tone moja moja. Aliona aibu kama aliyekutwa akiiba. Akamnyonyoa kijitoni, akawasha moto kwa kuni alizokuwa akizikausha chini ya mwamba tangu Jumatatu, na kwa kiberiti alichokifunga kwenye pindo la kanga ndani ya mfuko wa nailoni, akamchoma.

Harufu ilimrudisha Yudith kutoka kwa mama yake. Alifumbua macho, akamtazama ndege, akamtazama mwenzake.

"Ulimkuta hai?"

"Hai."

"Ukasema maneno?"

"Nimesema, mama Janeth."

"Haya. Anza wewe."

Mwanaheri alichukua bawa. Alitafuna huku machozi yakimteremka, akasema ni moshi. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba nyama ilikuwa tamu, na mwili wake wote uliipokea bila haya. Yudith alimwangalia hadi akameza, ndipo akanyoosha mkono. Alikula paja, akala kidari, akanyonya mifupa. Jioni alianza tena kutetemeka, na Mwanaheri alimshukuru Mungu kwa kutetemeka kule, akamlalia ubavuni.

Kulipokucha ukungu ulikuwa umepungua, na moshi wao ukapanda juu ya korongo. Clemence, mfuga nyuki aliyekuja kukagua mizinga yake, aliuona akadhani ni wachoma mkaa. Alishuka na panga na maneno makali. Alipowakuta wanawake wawili watu wazima wamekumbatiana chini ya mwamba, panga likashuka.

"Shikamooni, mama zangu," alisema.

"Marahaba, mwanangu," Yudith alimjibu. "Hujambo? Nyuki hawajambo?"

Baada ya wiki mbili, mguu wa Yudith ukiwa kwenye plasta, watu walikusanyika uani kwake kushukuru. Nyumba mbili zilikuwepo, na Janeth na mtoto wake mchanga, na Sharifu, kaka yake Kassimu, anayewasomesha watoto msikitini. Chakula kilisifiwa, habari ikasimuliwa kwa mara ya kumi. Sharifu hakuwa na nia mbaya. Alipenda tu kuiona familia yake ikisifiwa.

"Na kwale ukamchinja mwenyewe, shemeji? Huko porini, peke yako?"

Mwanaheri alifungua kinywa. Wiki mbili alikuwa hajalala vizuri. Kila akisujudu alikuwa akiliona lile jicho.

"Alimchinja," Yudith alidakia kabla yake, sauti kubwa. "Alikuwa mzima kabisa, anapiga mabawa. Damu iliruka hadi kwenye gauni langu. Mimi ndiye niliyeshika miguu."

Watu wakaitikia kwa furaha. Mwanaheri peke yake alijua kwamba Yudith hakuwa ameshika mguu wa kitu chochote. Alikuwa amelala chini ya mwamba akiongea na marehemu. Na huyu ndiye Yudith aliyemsimamisha mwanawe wa kumzaa mbele ya kanisa kwa kuiba maparachichi mawili ya jirani. Hakuna mtu Malindi aliyewahi kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumwambia bibi harusi kwamba amependeza.

Basi Yudith alijua. Alijua tangu siku ile, kabla hajanyoosha mkono, alipokuwa akimtazama mwenzake akilia na bawa mdomoni. Alikula kwa kuwa Mwanaheri alikubali kujibebesha dhambi ile, na hakutaka aibebe bure. Kwa upendo uliomjaa, Mwanaheri akajua hawezi kuuacha uongo ule ukae juu ya yule mama mnyofu.

"Shemeji," alisema, "si kweli. Nililala usingizi, akajinyonga. Nilimkata amekwisha kufa. Nikala na mimi."

Kassimu aliangalia viatu vyake. Sharifu alipangusa mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Ulikula ukashiba?" aliuliza mwishowe.

"Bawa moja."

"Basi ulibanwa, na hukupita kiasi. Huna la kutubia, dada yangu. Kula chakula chako."

Mwanaheri alifunika uso kwa mtandio. Lakini kabla hajapata nafasi ya kulia vizuri, Yudith aligonga gongo lake chini.

"Mama Issa! Miaka sitini na miwili sijasema uongo. Leo nimetafuta mmoja, nimeupamba, nimeutoa mbele za watu, na wewe unaumwaga hata haujapoa?"

Kicheko kilianzia kwa Janeth, kikaenea, hadi Kassimu akapaliwa na chai. Sharifu naye alicheka, akamwelekea Yudith.

"Wa kutubu hapa ni wewe, mama Janeth. Sijui mchungaji wenu atakwambia nini."

"Nitamwambia Jumapili, mwenyewe," alisema Yudith. Alinyoosha mkono, akaushika mkono wa Mwanaheri uliolowa machozi, akaukaza. "Anipe adhabu yoyote atakayo. Ila asiniambie nijute."