Redio ya Rehani Ilipokuwa na Homa

Usiniambie hukuona. Ulipita Mkata kwa basi, jua likiwa utosini, na kando ya barabara kulikuwa na nyumba zisizo na paa, milango imebaki kutazamana na nyasi. Ulizitazama muda wa kupiga chafya, ukageuza shingo. Segera ulishuka ukanunua machungwa, ukauliza kama ni matamu. Wenye zile nyumba wamekwenda wapi, hukuuliza. Tangu mwaka sabini na nne ninawakumbuka wewe na wenzako, sura kwa sura, na kumbukumbu yangu haijachakaa. Basi leo kaa chini nikusimulie habari za mtu mmoja tu kati ya wale, Rehani Semboja, na redio aliyoiunda kwa mikono yake, ikawa inazima kila ilipohitajiwa.

Rehani alikuwa jirani yangu huko Kwa Mdoe, kitongoji ambacho leo ukikitafuta utakuta vichaka na mafiga. Malori ya serikali yalitukuta tunavuna mahindi. Tukagawanywa vijiji vitatu, huyu huku, nduguye kule. Mimi, Rehani na mkewe Zamda tuliangukia kijiji kipya, nusu saa kwa miguu kutoka barabara ya Mkata. Sisemi ujamaa ulikuwa mbaya. Kusoma nilijifunzia katika darasa la kisomo nikiwa na ndevu, ndiyo maana unayasoma haya. Nasema hivi: hakuna aliyeandika nani amepelekwa wapi.

Na Rehani na Zamda walikuwa na binti mmoja tu, Chausiku. Mwaka mmoja kabla ya malori aliolewa na Sadala, kijana aliyekuwa kibarua wa reli kule kusini, akamfuata mumewe. Barua zake zilikuwa zikifikia duka la Kwa Mdoe. Duka lilipobomolewa, barua zikakosa mlango. Barua za wazazi nazo zilikwenda kambi ya reli iliyokuwa ikihamahama. Mwaka na nusu, kimya.

Alhamisi moja Zamda alikuwa Mkata akiuza mihogo ya kuchemsha, basi la Korogwe likasimama. Utingo akaruka chini anahema.

"Mama, wewe si mtu wa Kwa Mdoe? Mmesomwa redioni sasa hivi, kwenye matangazo ya saa kumi! Chausiku binti Rehani anatafuta wazazi wake."

"Yuko wapi?"

"Hapo ndipo dereva alipopiga honi, mama yangu. Nisamehe."

Matangazo ya namna ile yalisomwa Alhamisi tatu mfululizo, kisha basi. Moja ilikuwa imeshapita. Kuwaandikia barua watu wa redio Dar es Salaam na kungoja jibu ni mwezi mzima, na Chausiku angeweza kuhama tena.

Rehani hakuwa mtu wa kushika kichwa. Miaka tisa alikuwa msaidizi wa fundi umeme katika shamba la mkonge huko Korogwe, na tangu tuhamishwe alikuwa akikusanya mizoga ya redio: spika hapa, transista pale, nyaya za shaba ndani ya kopo la majani ya chai. Sasa alifanya kazi siku mbili bila kwenda shamba. Kifaa cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya alikipasha mkaani. Sanduku alilichonga kwa mbao za kasha la sabuni. Umeme ulitoka kwenye betri kuukuu ya lori. Jumapili asubuhi redio ikakohoa, ikachemka kama mafuta ya maandazi, halafu ikaimba. Zamda alipiga kigelegele, watu wakatoka na majembe mkononi.

Kisha akafanya lile ambalo mama yeyote wa nyumba angefanya. Aliifunika. Unajua mwenyewe, redio iliyo uchi ni aibu ya mwenye nyumba. Akaleta kitambaa cheupe chenye maua mekundu alichokifuma Chausiku kabla ya kuolewa. Siku ya malori Zamda alikuwa amejifunga kile kitambaa kiunoni, ndani ya kanga, wasije wakakitupa na vyungu.

Robo saa baadaye redio ikakwama, ikatoa sauti ya mtu aliyebanwa shingo, ikazima.

"Betri," akasema Rehani. Akaifunga kwenye baiskeli hadi Segera kuichajisha, akarudi nayo. Akafungua sanduku, akaunganisha, redio ikaimba vizuri kabisa. Akafunga. Zamda akafunika. Robo saa, kimya.

"Ni waya wa juu," akasema. Akafungua, redio ikaimba. Akanipandisha mimi juu ya paa na mlingoti. Akafunga, mkewe akafunika, ikazima nikiwa bado nimeng'ang'ania makuti.

"Nishuke au ningoje ifufuke?" nikauliza.

"Kaa huko huko, huku chini huna msaada!"

Akabadili spika. Akayeyusha upya kila kiungo cha risasi. Kila alipofungua, redio ilikuwa nzima, inapiga habari za bei ya pamba bila hata mkwaruzo. Kila alipofunga, ilizima.

"Inakuogopa wewe, baba Chausiku," akasema Zamda. "Mimi ndiye inayenidharau."

Alhamisi ya pili tuliketi wote mbele yake, nayo imefungwa isiingie vumbi, imefunikwa kwa heshima ya wageni. Saa kumi ikagonga. Zikapita salamu, ukapita msiba wa mtu wa Lindi, halafu: "Mzee Rehani Semboja na mama Zamda, waliokuwa wakazi wa Kwa Mdoe, Handeni, wanafahamishwa kwamba binti yao Chausiku yuko..."

Ikazima.

Zamda hakupiga kelele. Alilikumbatia lile sanduku kama mama anavyomkumbatia mtoto mwenye surua, akaweka shavu juu ya kitambaa. "Sema, mwanangu," alikuwa akinong'ona. "Yuko wapi? Sema." Rehani alitoka nje akasimama akiangalia kuku.

Usiniulize kama hapakuwa na redio nyingine. Ilikuwapo. Ilifungiwa katika stoo ya kijiji, na ufunguo alikaa nao mwenyekiti wetu, Kasmiri. Jioni ile Zamda alikwenda kumwomba kwa ajili ya Alhamisi ifuatayo. Kasmiri akamjibu bila kuacha kula: "Redio ya kijiji ni ya taarifa, mama. Si ya kutafutia mabinti." Nilikuwapo. Ubwabwa ulikuwa wa nazi. Sijasahau hata hilo.

Siku ya Jumanne alasiri akapita Lekishon, mfugaji kutoka mbugani, ambaye alimletea Zamda maziwa na kupewa mahindi. Pale kijijini watu walimcheka kwa shuka lake na rungu lake, nami nilikuwa mmoja wa wachekaji, naandika hilo pia.

"Shikamoo, mzee," akamwamkia Rehani.

"Marahaba, Lekishon. Pita, ila usikanyage waya."

"Imekufa tena?"

"Haifi. Inazirai. Nikiifungua inaamka, nikiifunga inazirai."

"Lekishon," nikasema alipoinama kuitazama, "hii haina mkia. Wewe utaishika wapi?"

"Na ndama mgonjwa simshiki mkia," akanijibu. "Mkia ni wa wasiojua. Namshika masikio."

Akapiga magoti, akapitisha kiganja chini ya kitambaa, juu ya mbao. Akatulia. Akahamisha mkono nyuma ya sanduku, akatulia tena.

"Mzee, hii ina homa."

Nilicheka. Rehani hakucheka. Naye akaingiza mkono wake, akauacha humo muda mrefu. Siku zote hizo hakuwahi kuigusa ikiwa imefunikwa. Alikuwa anaondoa kitambaa kwanza, anatafuta bisibisi, anafungua kifuniko cha nyuma, na mpaka afike ndani, upepo umeshampoza mgonjwa.

"Zile transista kubwa mbili," akasema polepole. "Zinachemka. Hazina pa kupumulia."

"Nani anavaa blanketi katika jua hili?" akauliza Lekishon.

Hapo Rehani akainuka taratibu, maana sasa ilimpasa kumwambia mkewe. Zamda alikuwa uani anapepeta mahindi. Nilimwona mume anavyozunguka.

"Mama Chausiku, unaonaje kile kitambaa tukikifua?"

"Nimekifua jana."

"Basi tukianike kidogo."

"Baba Chausiku, sema unalotaka kusema."

Akamwambia. Zamda aliweka ungo chini. Aliingia ndani, akakitoa kitambaa kwa mikono miwili, akakikunja mara nne juu ya mapaja yake.

"Kumbe ni mimi niliyemziba mdomo mwanangu."

"Hukumziba," akasema Rehani, akichuchumaa mbele yake. "Ulimfunika. Mama hufunika."

Kisha akaomba na mfuniko wa sufuria. Zamda alimpa bila kuuliza. Rehani aliukata vipande viwili, akavikaza migongoni mwa zile transista ili vinywe joto, na kwa msumari uliopashwa moto akatoboa sanduku matundu juu na nyuma. Jumatano redio iliimba kutwa nzima. Hatukuthubutu kufurahi.

Alhamisi ya tatu walikuja watu hata wa kijiji cha jirani. Lekishon alikaa karibu kabisa, kiganja juu ya mbao, kila mara akimtikisia Rehani kichwa: bado, bado haina homa. Mimi nilishika penseli. Saa kumi. Salamu. Misiba. Robo saa ikapita, redio bado inasema.

"...kwamba binti yao Chausiku yuko Magoma, wilaya ya Korogwe, kwenye mashamba ya mpunga, pamoja na mumewe na mtoto wao wa kike. Anayewafahamu wazazi hawa tafadhali awaarifu."

"Magoma?" Zamda akauliza, kana kwamba redio ingemjibu. "Magoma hii yetu?"

Magoma, ndugu msomaji. Mwendo wa siku moja. Mwaka na nusu wazazi wakielekeza macho kusini, na lile basi la Korogwe ambalo Zamda aliliuzia mihogo lilikuwa linakwenda upande wa mwanawe. Rehani alinyoosha mkono akaizima redio. Safari hii ilizimwa na mtu, haikuzirai yenyewe. Halafu akaficha uso katika bega la mkewe, mbele ya watu wote, na hakuna aliyemcheka.

Ijumaa alfajiri waliondoka. Sitakueleza walivyopokewa, hayo ni yao.

Nakuambia ya kwako. Katika vile vijiji vitatu bado wapo watu wasiojua ndugu zao walishushwa wapi na malori, na hawana Rehani wa kuwaundia redio. Nyumbani kwako yupo mmoja, usibishe. Inuka sasa hivi. Mwendee mama yako, au yule mzee wa nyumba ya pili, umuulize: mlitoka kitongoji gani, nani alipanda lori jingine, nani hajaonekana tena? Andika kila jina. Yasome kwa sauti baada ya sala ya Ijumaa, kanisani, mnadani, kituo cha basi. Usingoje kumaliza chai. Nenda.