Uso wa Beatha Bangoni

Beatha alikuwa ameshusha gunia la viazi kwenye mlango wa jiko la ukumbi, pale Lushoto mjini, anajipangusa matope, ndipo Yunis mpishi alipomvuta kando.

"Dada, ule uso kule ndani si wako?"

Akaingia. Wataalamu wa mbegu na wageni wao wa ng'ambo walikuwa wamejaa, wanajadili namna ya kulisha nchi maskini. Nyuma ya meza kuu lilining'inia bango, na bangoni Beatha mwenyewe, macho yamemvimba kwa kilio. Chini wameandika: NJAA HAINGOJI.

Njaa? Siku ile ya picha alilia kwa sababu ugonjwa wa ukungu ulikuwa umeunguza shamba lake lote la viazi. Mtaalamu mmoja, Leonard, alimweleza kuna mbegu inatengenezwa maabara, ukungu hauiwezi. Beatha alimsihi amletee hata debe moja. Leonard akaahidi, akampiga picha, akapotea. Beatha akapanda upya, akapulizia dawa, na viazi vyake vikaliwa hadi Dar es Salaam.

Na ndala zake za shamba, alikwenda moja kwa moja hadi mbele, alikokuwa ameketi Leonard.

"Shikamoo, mama," Leonard alisema, uso umemsawijika.

"Marahaba. Nani kakwambia nina njaa?"

"Mama, ni picha tu ya kuelimisha..."

"Na mbegu yangu?"

"Bado iko kwenye majaribio. Vibali havijatoka."

"Si ungekuja kuniambia? Kwangu unapajua. Mbona uso wangu haukungoja kibali?"

Mgeni mmoja akauliza mama anasema nini. Leonard akamjibu kwa Kiingereza, maneno machache tu. Mgeni akatabasamu, akaanza kupiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata.

Beatha akaelewa: mgeni ameambiwa kwamba yeye anashukuru!

Alipanda kiti, akalivuta bango kwa mikono miwili mpaka likang'oka. Makofi yakakatika.

"Uso huu ni wangu. Sikuwapa."

"Picha imeshafika nchi nyingi, mama," Leonard alinong'ona.

"Basi ifuate hukohuko uitoe."

Jioni Leonard alimpigia simu. Aliomba radhi, na sauti yake ilionyesha kweli imemuuma. Kisha akasema wakubwa zake wangependa kuja kumpiga picha nyingine, safari hii akicheka.

"Mnakuja na mbegu?"

Leonard alikohoa, akaanza tena habari za vibali. Beatha akamkatia simu.