Kidonge cha Kabla ya Misa

Mpaka leo nikimwona mtu analamba kidole kabla ya kushika kitu cha mwenzake, nageuza uso. Mwalimu Kasimiri wa kwaya yetu alikuwa na tabia hiyo. Akifungua daftari la nyimbo, analamba. Akigawa nakala, analamba. Na Jumapili ile ya mashindano ya kwaya, mwezi wa saba, baridi ya Sumbawanga ikiuma hadi kwenye fizi, alisimama nyuma ya kanisa kabla ya misa, akalamba kidole, akanasa kidonge kwa mate yake na kukidondosha kwenye kiganja cha mwimbaji. Watu ishirini na nane, watu wazima na akili zao, walipanga mstari wakapokea na kumeza. Nilitamani kutapika.

Vidonge vyenyewe vilitoka kwangu. Naitwa Bertilla, nina duka la dawa hapa Milanzi, na naimba sauti ya pili.

Wiki mbili kabla, Kasimiri alikuja dukani mchana, hakuna mteja.

"Tumsifu Yesu Kristo, dada Bertilla."

"Milele na milele, amina."

"Nimesikia kuna dawa inazuia mtu asitetemeke mbele za watu. Wanafunzi wa chuo wanaitumia."

Nilijua anamzungumzia nani. Miaka mitatu mfululizo tulikuwa tumeshindwa na kwaya ya mjini, na miaka yote mitatu sababu ilikuwa Fortunata, mwimbaji wetu wa kuongoza. Mazoezini sauti yake ilinyooka vizuri, mbele ya majaji ikaanza kuyumba, na mikono ikatetemeka hadi karatasi zikasikika. Kwaya nzima ilikuwa imemchoka, hata mimi.

Dawa ipo. Inaitwa propranolol, ni ya moyo na presha, na haitolewi bila cheti cha daktari. Nilipaswa kumwambia mwalimu aende salama. Badala yake nikaegemea kaunta nikaanza kumfundisha, kwa sababu napenda kuonekana najua. Huo ndio ugonjwa wangu.

"Mtu akiogopa, mwili unamwaga homoni kwenye damu," nilimwambia. "Homoni ni ufunguo. Moyoni kuna kufuli zake, tunaziita vipokezi. Ufunguo ukiingia, moyo unakwenda mbio. Kidonge hiki kinaziba tundu la kufuli. Ufunguo unafika, unakosa pa kuingia."

"Kufuli hizo ziko moyoni tu?"

"Ziko mwili mzima, ila hazifanani. Moyoni nyingi ni za aina ya kwanza. Kwenye njia za hewa ni aina ya pili, ndugu yake ile ya kwanza, na hizo kazi yake ni kulegeza kifua mtu apumue vizuri."

"Na kidonge kinajua kuchagua?"

"Hiki hakichagui. Kinaziba zote."

Nilitamka hivyo kwa kinywa changu. Kasimiri akatikisa kichwa kama aliyesikia mahubiri mazuri, akasema anachukua vya mama yake mwenye presha. Nikamhesabia thelathini. Mama yake ni mmoja na nilimjua, presha hana. Fortunata hatukumtaja, ingawa hakuna mtu Milanzi asiyejua kwamba ana pumu na kwamba ile pampu yake ya bluu ya kuvuta dawa inakaa kwenye pindo la kitenge hata akiwa shambani.

Sasa nirudi kwenye ule mstari. Fortunata alikuwa mbele yangu. Mwalimu akalamba kidole, akampa. Alikitazama kidonge, akauliza, "Mwalimu, hiki hakina shida na mimi?"

"Ni cha kutuliza moyo tu," alisema Kasimiri. "Si dada Bertilla huyu hapa, muulize."

Fortunata akageuka akanitazama. Na mimi nilikuwa nafikiria nini? Mate. Nilikuwa naangalia kile kidole kinavyong'aa, nikitafuta namna ya kuomba changu nikitoe mwenyewe kwenye pakiti. Nikafikiria pia kombe. Nikamwambia, "Meza, tunachelewa." Akameza.

Baada ya misa tukaingia kwenye ukumbi wa parokia. Tuliimba vizuri kuliko siku zote. Fortunata alisimama imara, karatasi haikutetemeka, sauti ikatoka safi hata majaji wakaacha kuandika. Niliona raha, siwezi kudanganya. Kwenye wimbo wa pili akaanza kuvuta pumzi katikati ya maneno. Kwenye wa tatu shingo ikawa inaingia ndani kila akivuta hewa. Alimaliza wimbo, akashuka jukwaani kwa miguu yake, akaangukia mlangoni.

Tulimbeba mpaka nje, ukutani penye jua. Sista Silvana wa zahanati akaja mbio. Fortunata alitapika ute mweupe unaovutika, ukachirizika hadi kwenye sare, na mimi nikarudi nyuma hatua mbili, nikakusanya sketi yangu isichafuke. Nakumbuka hata nilivyoikunja.

Sista alimpulizia ile pampu ya bluu. Mara mbili, mara nne, mara kumi. Haikusaidia kitu. Na haikuwa na namna ya kusaidia, kwa sababu dawa ya pampu ile ni ufunguo wa kufuli zilezile za aina ya pili, na tundu zake zilikuwa zimezibwa tangu asubuhi.

"Amekunywa nini leo?" Sista aliuliza.

"Chai ya tangawizi," alijibu Kasimiri. "Sote tumekunywa, Sista." Kisha akanitazama.

Ndani ya ukumbi kwaya ya mjini ilikuwa imeanza. Nikisema, tunafutwa kwenye mashindano. Nikisema, duka langu linafungwa. Nikanyamaza. Wimbo ule naujua, una beti nne, na nilikaa kimya beti tatu nzima, huku midomo ya Fortunata ikigeuka rangi ya majivu na wenzangu wakimpepea kwa madaftari ya nyimbo. Kasimiri alilamba kidole, akafunua daftari lake, akajifanya anasoma.

Mwisho wa ubeti wa tatu kifua cha Fortunata kiliacha kukoroma. Watu wakashukuru, wakadhani anapata nafuu. Mimi najua kifua cha pumu kikinyamaza ghafla maana yake hewa haipiti tena.

"Amemeza propranolol, Sista," nilisema. "Sote tumemeza. Nimeuza mimi."

Sista hakupoteza muda kunijibu. Alituma mtu zahanati akalete dawa nyingine ya kuvuta, inayolegeza kifua kwa njia isiyopita kwenye kufuli zile, akaita gari, wakaondoka naye kwenda hospitali. Alikaa huko siku tano. Alipona.

Kwaya ikafutwa mashindanoni, na duka langu likafungwa mpaka kesi yangu isikilizwe. Kasimiri anatangaza hadi leo kwamba ilikuwa vumbi na baridi. Waimbaji wenzangu wamenuna, na wanayemnunia si Kasimiri, ni mimi niliyesema. Wananipita njiani kama wanapita mbwa aliyekufa. Watu wale waliouza roho zao kwa ajili ya kombe la bati waliniudhi kiasi kwamba nikaanza kujiona mtakatifu. Mimi ndiye niliyefungua kinywa. Mimi ndiye niliyemwokoa. Kwa mawazo hayo nikanunua mkate na sukari, nikaenda kumjulia hali Fortunata.

Nilimkuta uani, amejifunga mtandio puani, anapepeta ulezi juu ya turubai. Alinipa kigoda. Nikampa ule mfuko, akaupokea kwa mikono miwili, akauweka mapajani. Alikuwa amekonda.

"Nasikia ni wewe uliyemwambia Sista," alisema.

"Ni mimi."

"Asante, dada."

Nilitosheka. Hapo ndipo nilipopaswa kuaga. Lakini si nimesema ugonjwa wangu? Nikaanza kumweleza habari za funguo na kufuli, aina ya kwanza iliyo moyoni na aina ya pili iliyo kifuani, na kwa nini pampu yake iligoma siku ile. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Haya yote umeyajua baada ya mimi kuugua?"

Nikakusanya sketi yangu magotini.

"Nilikuuliza, dada Bertilla. Niligeuka nikakuangalia wewe, siyo mwalimu."

"Nisamehe, Fortunata."

"Nimeshakusamehe. Sista amenikataza kukaa na hasira, zinanibana kifua." Aliinuka, akaniwekea mfuko wangu mapajani, polepole, bila ukali wowote. "Ila mkate huu nenda nao. Nimejaribu kujilazimisha, nashindwa. Kitu kilichotoka mkononi mwako siwezi kukiweka mdomoni."

Kisha akaenda kwenye ndoo iliyokuwa karibu na mlango, akachota maji kwa kikombe, akanawa mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko.