Wavu wa Pazia

Wiki tatu za kwanza za mafunzo yake, Chiriku aliosha chupa tu. Jina hilo alibandikwa na baba yake tangu utotoni kwa sababu ya kusema bila kituo, na pale maabara lilimfuata siku ya pili. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisomea sayansi ya mazingira, na alikuja akiota mashine zenye taa za kuwakawaka. Akapewa beseni, brashi na Fundi.

Fundi ndiye aliyetunza vifaa, mwanamume mfupi mwenye maneno ya pilipili. "Chupa ikiwa chafu, matokeo yanasema uongo," alimwambia. "Kila chupa isuuze mara tatu. Na huo mdomo nao uupumzishe walau mara moja."

Wiki ya nne Daktari, mama aliyekuwa mkuu wa maabara, aliwachukua wote wawili kwenda kuchota sampuli kwenye kijito kinachopita nyuma ya kiwanda cha sabuni kilichofungwa zamani. Walianzia juu, kwenye chemchemi safi, wakashuka mpaka chini ya daraja la kiwanda. Kwenye fomu za daraja lile, miaka sita mfululizo, safu ya wadudu iliandikwa neno moja: hakuna. Wakati wa kutoka majini wavu wao wa kunasia wadudu, nao ulikuwa wa pekee, ukanasa kwenye chuma na kuchanika vipande viwili.

Kesho yake Chiriku alimimina tope la darajani kwenye sinia jeupe, akaanza kulichambua kwa kibano. Jani. Kokoto. Uzi. Halafu kitu kikajipinda. Akainama mpaka pua ikakaribia kulowa. Buu mdogo kama punje ya mchele, mwenye mikia mitatu, alikuwa anatembea zake.

"Yuko hai! Jamani, yuko hai!"

Fundi alikuja mbio akidhani kuna kilichopasuka. Akamtazama yule buu kwa darubini, akafuta lenzi, akamtazama tena. Buu wa aina ile hawezi maji machafu. Uchafu kidogo tu, amekufa.

Daktari alipoitwa na kuchungulia, uso wake mkavu ulichanua. Lakini Chiriku mwenyewe alikuwa ameanza kunywea. Alikumbuka kwamba jana, kabla ya kutoka chemchemi kwenda darajani, kazi ya kusuuza wavu ilikuwa yake. Hakuusuuza. Alikuwa anapiga soga.

Nani angejua? Angekaa kimya tu, mambo yangeishia hapo. Akamtazama Daktari anavyofurahi, akaweka kibano chini.

"Daktari, naomba unisamehe. Wavu sikuusuuza. Huyu labda tulitoka naye kule juu."

Fundi akaguna. Daktari alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe, akaivaa tena.

"Umesema kabla sijauliza," akasema. "Hilo sijui kumfundisha mtu. Tutarudia, kwa wavu mpya."

Lakini wavu mpya ulipaswa kuagizwa, na kuagiza ni mwezi mzima. Mafunzo ya Chiriku yalibakiza wiki mbili.

Jioni hiyo alimsimulia mama yake mdogo, mshona nguo, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi naye. Mama mdogo hakuinua macho kwenye cherehani. "Matundu yake yaweje?"

"Mchanga mwembamba upite, punje ya mchele isipite."

Mama mdogo akasimama, akashusha pazia jepesi la sebuleni, akalikunja mara mbili na kuliinua kwenye taa.

"Mama mdogo, pazia lako!"

"Kwani majirani wataona nini humu? Kelele zako wanazisikia kila siku."

Siku ya tatu walirudi darajani na wavu uliopigwa pindo maridadi, haujawahi kugusa maji. Daktari aliushika mwenyewe. Chiriku akasimama mbele yake na mabuti ya mpira, akafukuafukua mawe kwa miguu, tope likaingia wavuni. Wakalimwaga kwenye sinia pale pale ukingoni, vichwa vitatu vikagongana.

"Mmoja," Chiriku akahesabu. "Wawili... yule kule! Watatu!"

Walifika kumi na mmoja. Daktari aliruka kama msichana, akakanyaga jiwe lenye utelezi, akakaa kitako majini hadi kiunoni. Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Daktari, wewe si sampuli, toka!" Fundi akapiga kelele, naye mbavu hana.

Fomu ya mwaka huo aliijaza Chiriku kwa mkono wake, na tarakimu mbili zile aliziandika kubwa kupita kiasi.

Siku ya mwisho ya mafunzo, Daktari alimwalika mama mdogo maabara. Alikuja amevaa nguo za kutokea, akakaa kwenye stuli, akafumba jicho moja kama alivyoelekezwa na kumchungulia buu mmoja wa darajani kwa darubini.

"Ndiye huyu aliyeniachia dirisha uchi?"

"Ndiye, mama mdogo."

Akachungulia tena, safari hii kwa muda mrefu, mkono ukimpungia Fundi asubiri zamu yake.

"Haya, mzuri," akasema. "Mwambieni ajigeuze, niuone na mgongo."