Wito wa Jua la Utosi

Watu wa Kisauni wana maneno, jamani. Kardinali alipofika kwa dada yake Jumatano ile, hata injini ya gari haijazimwa, ukasikia huku amekuja kuugua, kule amekuja kugawa mashamba, na yuko aliyeapa wallahi amemwona na walinzi wenye mikuki. Mikuki! Alikuja na padri mmoja kijana, Kyalo, Mkamba mpole, na silaha ya Kyalo ilikuwa simu mbili zisizonyamaza.

Nyevu, dada mtu, hakuyatia maanani maneno hayo. Alikuwa na miaka themanini na ushei, magoti yamechoka ila macho bado anayo. Huyo mgeni wa Roma, Mwadhama Clifford Kardinali Nguma, kwake alikuwa Nguma tu, yule aliyemfunga mgongoni kwa leso kabla hajaota meno. Wengine wote wa tumbo lao walikwisha lala chini ya mikorosho. Walibaki wawili. Na Nyevu alitaka kitu kimoja tu duniani: mdogo wake asirudi tena huko. Akae hapa, azeeke hapa, wafe kwa zamu kama watu wengine.

Maana Nguma maisha yake yote alikuwa mtu wa kuondoka. Hakuwahi kuomba cheo, aliitwa. Aliitwa seminari akiwa na kaptura ya kuazima. Aliitwa upadre, akapewa parokia kule Changamwe, akabatiza watoto wa makuli na wa madereva wa malori. Akaitwa uaskofu kaskazini, kwenye jua na ngamia, akachimba visima, akazika waliouana kwa ajili ya mifugo, akawaambia wakubwa ukweli ambao hawakuupenda. Mwisho akaitwa Roma, akavishwa kofia nyekundu. Na kila alikopita alieleza mimbarini chanzo chake: kwamba alipokuwa mtoto wa miaka sita, jua likiwa utosini, alisikia jina lake likiitwa kutoka mikokoni nyuma ya kwao, naye akaitika. Huo ndio wito wangu, akisema. Alipokuwa padri alisema nilisikia jina langu, basi. Alipokuwa askofu ikawa niliitwa mara mbili. Kufika Roma ikawa mara tatu, na watawa wakatoa leso wakalia. Hadithi nayo ikilishwa hunenepa.

Lakini Nyevu alikuwepo.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, Nguma yuko pembeni anacheza na vifuu. Mama yao alikuwa Ribe, matangani, na hakutazamiwa kurudi siku hiyo. Ndipo ikaja sauti kutoka chini, kwenye mikoko: "Ngumaaa!" Sauti ya mama. Ile ile yenye mkwaruzo, inayolivuta jina mwishoni.

Sasa, mtoto wa pwani hufunzwa neno hili kabla hajafunzwa kujifunga kikoi: ukiitwa na usiyemwona, usiitike, na hasa saa hiyo ya jua la utosi. Ngoja. Binadamu asipoitikiwa ataita tena, na ya tatu atakuja mwenyewe na ufito mkononi. Yule mwingine huita mara moja. Ukimwitikia umempa njia. Nyevu aliruka kutoka kwenye mbuzi amzibe mdogo wake mdomo, lakini wapi! "Naam, mama!" alisema Nguma, kwa adabu zote alizofunzwa.

Hakuna aliyejibu. Kunguru walikuwa wamenyamaza wote, na ya pili haikuja. Mtoto akashikwa na homa, akawa anaweweseka na kuitika "naam, naam" usingizini. Padri mmoja wa Kizungu aliyekuwa akizunguka na pikipiki alipita, akasimuliwa, akapiga magoti palepale sakafuni. Mungu amemwita mtoto huyu, akasema. Baba yao akamgeukia Nyevu.

"Wewe ulisikia mara ngapi?"

"Mara moja, baba."

"Basi meza neno hilo."

Akameza. Mtoto akapelekwa shule ya misheni, akapona, akang'ara, na Nyevu akajiambia pengine ni yeye mjinga. Lakini hakusahau.

Alhamisi asubuhi Kardinali alikaa uani kwa dada yake, amevaa kikoi na fulana, anakula mihogo ya nazi. Jumapili ilikuwa misa yake ya shukrani, jubilei ya upadre, na kwaya za mitaa yote zilikuwa zinafanya mazoezi. Hakuwa na raha. Alimega muhogo akauweka chini.

"Dada, nataka kukuuliza neno, unijibu kama uko mbele ya Mungu."

"Uliza, Mwadhama," Nyevu akamtania. "Lakini kama ni nani alikula maembe ya Mzee Jefwa, ulikuwa wewe."

Hakucheka. "Siku ile. Ile sauti. Iliita mara ngapi?"

Mkono wa Nyevu ukasimama juu ya sufuria.

"Nimelisema jambo hili miaka mingi sana," Nguma akaendelea, "hata sijui tena lipi nalikumbuka na lipi nililiongeza mwenyewe. Wako vijana wameingia upadre kwa sababu ya kisa changu. Wako walioacha wachumba, dada. Na mimi nikiamka usiku sina hakika. Wewe peke yako ndiye uliyekuwepo."

Mtu huyu alisimama kule kaskazini mbele ya mitutu ya bunduki asipepese jicho, na leo anamtazama dada yake mdomoni kama mgonjwa anayengoja daktari aseme. Nyevu alimwonea huruma. Aseme nini? Amwambie mzee wa miaka sabini na sita kwamba nyumba aliyokaa maisha yake yote haina msingi? Ili iweje? Siku zilizobaki ni chache, aziishi kwa amani.

"Mara tatu," akasema.

"Apa."

"Nguma, mimi mtu mzima, waniapisha kama mwizi wa kuku?"

"Apa, dada yangu. Tafadhali."

"Naapa kwa kaburi la mama. Mara tatu."

Loo! Kardinali alilia machozi ya wazi wazi, akacheka, akamkumbatia, akampaka nazi begani. Padri Kyalo akatoka ndani mbio akidhani kuna aliyekufa.

"Umesikia, padri? Shahidi wangu huyu! Mara tatu!"

"Mama," Kyalo akasema, naye macho yanang'aa, "hiyo lazima utuambie kanisani kwa mdomo wako." Akatumwa Changamwe kuitazama kwaya, akaondoka na gari na hiyo habari tamu.

Walipobaki wawili, Nguma alishusha pumzi ndefu.

"Sasa naweza kukwambia. Tangu Kwaresima, inaita tena."

"Inaita nini?"

"Mama. Kule Roma, kila adhuhuri. Nimo ndani ya jumba ambalo hakuna kiumbe anayejua jina la Nguma, wote waniita Clifford, na inanijia kutoka mwisho wa ukumbi. Mara moja, halafu kimya. Mpaka leo sijaitika. Nimeuma ulimi hadi ukatoka damu. Nikajiambia, ngoja nimuulize Nyevu. Kama ile ya kwanza ilikuwa ya Mungu, basi na hii ni ya Mungu, nami ndiye ninayemfungia mlango."

Nyevu alihisi baridi, na jua lote lile.

"Nguma. Nisikilize. Nimekudanganya. Iliita mara moja. Mara moja tu, nawe ukaropoka kabla sijakuziba mdomo."

Nguma akatabasamu, lile tabasamu lake la mimbarini. "Umeapa kwa kaburi la mama."

"Nimeapa uongo! Nimekuonea huruma, mjinga wewe!"

"Watu hawaapi uongo kwa kaburi la mama, dada. Unaogopa kuachwa, ndiyo maana unageuza."

"Naogopa, ndiyo! Nani asiyeogopa? Na hata sasa, wewe msomi, umesema mwenyewe: mara moja, halafu kimya. Hesabu basi!"

"Mara moja kila siku. Zikijumlishwa zimepita tatu kitambo." Alisema polepole, kwa upole, mtu aliyezoea kushinda mijadala. "Na wahenga walisema usikatae wito, kataa neno. Niende nikalisikie neno lenyewe."

"Walisema wito wa mtu! Mtu unayemwona!"

Akamshika mkono amvute ndani wafunge mlango. Atawasha redio, atapiga masufuria, atafanya kelele yoyote mpaka adhana ya adhuhuri ipite. Lakini mwanamume hata akizeeka ni mzito, na huyu alikuwa amekwisha kaa kitako anangoja. Kivuli cha mkorosho kilikuwa kimejikusanya chini ya shina. Kunguru waliokuwa wakipigania maganda ya mihogo wakaacha, wakatulia juu ya ua. Ng'ambo ya ua, wajukuu wa jirani yao Jalila walikuwa wanacheza kati, wakikwepa mpira. Wakanyamaza nao.

"Ngumaaa!"

Ilitoka mikokoni. Mama yao amelala kaburini miaka thelathini, na ile ilikuwa sauti yake, na mkwaruzo wake, na haikuzeeka hata kidogo.

Ng'ambo ya ua Jalila, mzaliwa wa Jomvu Kuu, aliyefunzwa yale yale na bibi zake, alisikika akifoka kwa sauti ya chini: "Kimya! Asiitike mtu! Njooni ndani, upesi!" Basi haikuwa kichwani mwa mzee.

Nyevu alimrukia. Magoti hayo hayo mabovu, alimrukia akambana mdomo kwa viganja viwili. Nguma akavitoa taratibu, kimoja kimoja, akavibusu. Uso wake ulikuwa umelegea, hauna tena umri.

"Naam, mama," akaitika. "Nipo hapa."

Akateremka njia ya mikokoni na kikoi chake, bila kushikilia kitu, mtu ambaye jana alisaidiwa kushuka garini. Nyevu alimfuata hatua chache, magoti yakamwangusha. Akakaa mchangani akamwita, jinsi binadamu anavyoita. "Nguma!" akaita. Akaita tena, "Nguma!" Akaita mara ya tatu, mpaka koo likapasuka. Nguma hakuitika wala hakugeuka.

Wana wa Jalila ndio waliomkuta, kwenye tope, maji yamekupwa, amepiga magoti, mdomo wazi. Daktari alisema ni moyo. Padri Kyalo aliangua kilio, kisha akasema kifo cha mtakatifu ni hicho, kukutwa unasali. Mtaa mzima ukalibeba neno hilo.

Misa ya shukrani ikageuka ya mazishi. Kanisa lilijaa, watu wakamwagika mpaka barabarani, wa bara na wa pwani, hata majirani Waislamu walisimama nje kwa heshima. Askofu aliyehubiri alikuwa mtu wa bara, mwema, mwenye sauti nzuri. Alikieleza kile kisa cha mtoto wa miaka sita, kisha akasema shahidi yupo, dada wa marehemu, na Kyalo akampelekea Nyevu maikrofoni palepale alipokaa.

"Mama, tuambie sisi wanao. Bwana alimwita marehemu mara ngapi?"

Nyevu alisimama. Mbele yake, safu tatu nzima, walikaa watoto wa komunyo ya kwanza wamevaa nyeupe, wamemgeukia wote. Aliwatazama wale watoto akasema moyoni, sasa simezi tena. Na jina la Nguma liharibike likiharibika.

"Mara moja," akasema. Sauti yake ikaenda mpaka barabarani. "Nisikieni, watoto. Sikusema kweli nilipoapa. Iliita mara moja tu. Mara moja, naye akaitika."

Huku na huku bibi wa Kipwani waliinamisha vichwa, na mmoja, Nyamvula wa Mtopanga, akamvuta mjukuu wake akamficha chini ya leso. Wale walielewa. Nyevu akangoja askofu akasirike.

Askofu alifungua mikono yake miwili, na machozi yanamtoka.

"Mara moja! Mmesikia, ndugu zangu? Sisi wengine Mungu anatuita mara kumi, tumelala! Yeye mara moja tu, akaitika!"

Vigelegele vikalipuka. Nyevu alisema hapana, siyo hivyo, sivyo nilivyosema, lakini Kyalo alikuwa amekwisha ichukua maikrofoni, akimpapasa bega kumpa pole.

"Na ninyi watoto," askofu akaita, akiteremka ngazi za altare kuwaendea, "siku mkisikia jina lenu linaitwa, hata kama hammwoni anayeita, hata kama ni mara moja tu, mtafanya nini?"

"Tutaitika!" watoto wakapaza sauti.

Askofu akaweka mkono sikioni, akawaomba waseme tena kwa nguvu zaidi.