Mama Mkwe Kwenye Hema la Kifahari

Wiki nzima kabla ya likizo, chumba cha kulala cha Anyiko hakikupitika. Masanduku matatu yalikuwa yamelala wazi sakafuni, na mumewe, Fred Okinyi, alilazimika kuyaruka ili afike kitandani. La kwanza lilikuwa la magauni meupe ya kitani. La pili lilibeba mashine ya kukausha nywele, mishumaa yenye manukato, glasi za mvinyo zilizovishwa soksi za Fred zisivunjike, na mkeka wa mazoezi ambao haujawahi kukunjuliwa tangu ununuliwe. La tatu lilikuwa la kofia. Kofia zenyewe zilikuwa mbili tu, lakini ukingo wake ulikuwa mpana kama ungo na hazikutaka kubanwa.

"Kwani tunahama?" Fred aliuliza.

"Tunaenda kupumzika," Anyiko akajibu. "Na kupumzika kunataka matayarisho."

Anyiko alifanya kazi katika ofisi ya bima mjini Kisii. Kwa miezi mingi alikuwa akitazama kwenye simu picha za watu waliolala katika mahema ya kifahari: kitanda kikubwa, zulia, beseni la kuogea, na mwanamke aliyevaa nguo nyeupe akiangalia milima kana kwamba milima ndiyo iliyomwalika. Sasa kambi ya namna hiyo ilikuwa imefunguliwa kilimani karibu na Ekerenyo, katikati ya mashamba ya majani chai, na Anyiko alihakikisha kila mtu anajua kwamba anakwenda. Alisema ofisini, akasema kanisani, akasema kwenye kikundi cha akina mama. Msusi wake aliambiwa mara mbili.

Aliyekataa kustaajabu alikuwa Marion, wa dawati la jirani, mzaliwa wa huko huko Ekerenyo.

"Yaani utalala hemani kwa hiari yako," Marion alisema, "mahali ambapo mimi nilisoma mpaka macho yakauma ili nitoke?"

"Ni hema la kifahari."

"Sawa. Basi beba gambuti na blanketi. Kule mvua hainyeshi kwa adabu, na baridi yake haijali kama umevaa kitani."

Anyiko alimtazama kwa huruma. Katika picha zote alizoziona, hakuna mwanamke hata mmoja aliyevaa gambuti.

Ijumaa mchana, masanduku mawili yakiwa yamekwisha kusukumwa kwenye buti la gari, mtu akabisha hodi. Alikuwa Mama Apiyo, mama yake Fred, ametoka Homa Bay na mfuko mmoja wa nailoni uliojaa samaki wakavu.

"Mama, mbona hukutuambia unakuja?" Fred aliuliza.

"Tangu lini mtu akaomba ruhusa kwenda kwa mwanawe?" Mama Apiyo akachungulia garini. "Na mizigo yote hii? Nani amekufa?"

Kila alipokuja Kisii, Mama Apiyo alilala kwa binamu yake, kwa sababu mama wa Kijaluo wa rika lake halali chini ya paa moja na mwanawe na mkaza mwana. Lakini binamu alikuwa amesafiri. Fred alipendekeza wamwachie nyumba, mama akamwangalia kama mtu aliyetukanwa: alale yeye katika nyumba ya mwanawe? Fred akamvuta mkewe kando, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba huko kambini hapatakosa hema la pili. Basi wakampakia kiti cha nyuma pamoja na samaki wake, na sanduku la kofia, ambalo halikutosha kwenye buti, wakamwekea mapajani.

Mvua iliwapokea kwenye kona ya mwisho. Anyiko aliposhuka na viatu vyake vyeupe vya wazi, mguu uliendelea na safari na kiatu kikabaki kwenye tope jekundu. Meneja wa kambi, kijana mchangamfu aitwaye Momanyi, alikuja mbio na mwavuli, na habari mbaya. Mahema yote yalikuwa yamejaa. Lao lilikuwa moja, zuri kweli, lenye kitanda kikubwa upande mmoja na kidogo upande wa pili, na pazia katikati.

"Mama, tutafunga pazia," Fred alisema.

"Pazia ni ukuta?"

"Lakini hema si nyumba. Hata Ibrahimu aliishi hemani na jamaa yake yote."

"Ibrahimu hakuwa Mjaluo," Mama Apiyo akasema. Akavua viatu, akaketi kwenye kile kitanda kikubwa, akakidundadunda kuujaribu ulaini wake. Uso ukamlainika. "Hili godoro ni zuri. Nyinyi mtalala wapi?"

Walilala garini. Fred alitaka kumwomba Momanyi blanketi, Anyiko akamkataza kabisa. Angemwambia nini? Kwamba wageni wa hema la kifahari wamelala kwenye gari lao, ndani ya ua wa kambi? Badala yake akafungua masanduku, na hapo ndipo alipogundua kwamba katika vitu vyote alivyovipanga kwa wiki nzima hapakuwa na hata kimoja cha kumtia mtu joto. Baridi ilipozidi, Fred alivaa gauni la kitani juu ya shati lake, kisha jingine juu ya lile la kwanza. Anyiko alijifunika mkeka wa mazoezi. Waliwasha mshumaa mmoja, na gari zima likanuka waridi na samaki.

Asubuhi Momanyi aligonga kioo cha gari kuuliza kama kuna tatizo. Fred alishusha kioo, mikono ya gauni yenye lesi ikionekana wazi.

"Hakuna tatizo," alisema. "Tunapenda hewa."

"Hewa," Momanyi akarudia, akijitahidi kutazama kwingine.

Anyiko alitembea mpaka hemani, Fred nyuma yake, miguu ikiwa imekufa ganzi. Mama Apiyo alikuwa kibarazani, ameoga maji moto, amevaa joho jeupe la kambi, kikombe cha chai mkononi. Ukungu ulikuwa ukiondoka taratibu juu ya majani chai, naye aliutazama bila haraka. Mhudumu mmoja alikuwa amepiga magoti akimpiga picha za kuweka kwenye ukurasa wa kambi.

"Njoo, mwanangu," Mama Apiyo alimwita. "Mbona uso umekuvimba? Hukupumzika?"

Moyo wa Anyiko ulijaa maneno ambayo mkaza mwana hasemi. Akayameza pamoja na chai. Mama mkwe akaendelea kumsimulia jinsi beseni lilivyo refu, jinsi mto ulivyo laini, na jinsi alivyowapa watu wa jikoni samaki wake wakamwahidi kumpikia mchana. Hakuwa na mpango wowote wa kuondoka kabla ya Jumatatu.

"Basi kaa, Mama," Anyiko alisema hatimaye. "Sisi tuna dharura mjini. Jumatatu tutakuja kukuchukua."

"Dharura gani?" Fred aliuliza.

Anyiko alimkanyaga.

Walifika nyumbani, mtaa wa Nyanchwa mjini Kisii, kimyakimya, wakaegesha gari nyuma ya jengo na kufunga mapazia. Anyiko hakuwa tayari kuulizwa swali hata moja. Kwa kanisa, kwa ofisi, kwa mtaa mzima, yeye alikuwa Ekerenyo akipumzika, na angebaki Ekerenyo mpaka Jumatatu. Alijilaza kwenye kochi na blanketi nzito, mvua ikaanza kupiga mabati, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo mabega yake yakalegea. Alituma kwa kikundi cha akina mama picha ya hema aliyoipiga kutoka garini, akaandika: *Mbali na kelele za mji.* Pongezi zikaanza kumiminika.

"Anyiko," Fred aliita kutoka jikoni kwa kunong'ona, "unga uko wapi?"

Kabla hajajibu, kifuniko cha sufuria kilianguka sakafuni na kuzunguka, kikilia kama kengele ya shule. Halafu kutoka nyumba ya jirani ikasikika sauti ya Emmah, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, ambaye dakika chache tu zilizopita alikuwa ameisifu ile picha.

"Wezi! Wezi kwa Anyiko! Wenyewe wamesafiri!"

Milango ikafunguliwa huku na huku. Mtu akalia kwamba apewe panga. Fred alitoka jikoni mikono ameiinua juu, kana kwamba tayari amekamatwa. Anyiko aliona hapana njia nyingine. Alijifunga blanketi kifuani, akafungua mlango, akasimama mbele ya majirani kama kumi waliolowa, wenye fimbo na tochi mchana kweupe.

Emmah alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Anyiko? Si uko likizo?"

"Niko," Anyiko alisema. "Niko likizo. Ingia unywe chai, Emmah, lakini ufunge huo mlango."